Homa ya Makintoshi

Jumatatu, 9 Juni

Likizo imeanza. Siku saba bila kusoma mita ya maji ya mtu yeyote. Wenzangu ofisini wanadhani nitalala. Waache wadhani.

Hali ilivyo: nina chumba cha nyuma, na ndani yake nina kompyuta ya zamani, Makintoshi, ile ya mnara, umri wake karibu sawa na wa ndoa yangu. Programu yake ya kurekodi muziki haifunguki kwenye kompyuta yoyote ya siku hizi. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anasema hiyo ni dalili ya kitu kilichokufa. Mimi nasema ni dalili ya kitu adimu.

Mke wangu anakitaka chumba. Ni fundi cherehani, anashonea jikoni, na wiki iliyopita gauni la bibi harusi lilienda kwa mwenyewe likinuka vitunguu. Ana haki, sikatai. Lakini haki yake ni kubwa na chumba ni kidogo. Tumefanya mapatano mbele ya mama yake. Wimbo wa kumuaga Metroni, mkuu wa wauguzi anayestaafu, ukikamilika Jumamosi kabla ya saa kumi, chumba ni changu, mjadala umefungwa. Usipokamilika, Makintoshi inatoka, cherehani inaingia. Tumetia saini kwenye karatasi ya vipimo. Jina langu limekaa kati ya kiuno na nyonga za mteja.

Waimbaji ni Mama Mkwe na wenzake watatu, wote wauguzi wastaafu. Mtaani wanaitwa Mabibi Sindano. Wanaimba bila ala yoyote. Kazi nyepesi. Nitakuwa nimemaliza Jumatano.

Jumanne, 10 Juni

Maboresho. Asubuhi nimeiongezea Makintoshi kumbukumbu mara tatu. Mke wangu akauliza kama hizo kumbukumbu wanawawekea na binadamu, maana zipu alizonituma Ijumaa hajaziona mpaka leo. Ni wivu tu.

Mchana nikaipachika prosesa mpya, yaani ubongo wenyewe wa mashine, wenye kasi mara mbili ya ule wa mwanzo. Nimeupata kwa Fundi Redio wa pale kona, tukabadilishana na baiskeli yangu. Programu ilifunguka kabla sijakaa vizuri. Nikajipigia makofi. Dakika ya kumi na mbili mashine ikajizima. Nikaishika ubavuni kuipa moyo, nikaungua kiganja.

Saa tisa Mama Mkwe akaja mazoezini na kundi lake. Nikamwamkia kwa adabu zote, mkono nimeuficha mgongoni. Miaka thelathini na minane wodini, hadanganyiki. Akanifunga bandeji. Kisha akatoa kipimajoto mkobani, akakiingiza kwenye matundu ya mashine, kikapanda mpaka kikagota mwisho. Akasema mgonjwa wa namna hii hajawahi kumwona akiwa hai, na kwamba mtu mwenye homa hakimbizwi mbio. Amebandika chati ukutani. Makintoshi yangu sasa ina namba ya kitanda.

Jumatano, 11 Juni

Feni! Ndiyo jibu. Nimefunga tatu kubwa: mbele, nyuma, na ubavuni, pale nilipokata bati kwa mkasi wa mke wangu wa kukatia vitambaa. Hajui. Joto limeshuka. Mama Mkwe ameandika kwenye chati kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na anakula.

Sasa tatizo ni sauti. Chumba kinavuma. Mabibi Sindano waliimba saa mbili nzima ndani ya mvumo ule bila kulalamika, tena leo waliimba vizuri mno. Lakini niliposikiliza rekodi ya majaribio nilikata tamaa. Wanawake wanne wanaimba ndani ya mashine ya kusaga nafaka.

Shemeji akapita. Hajaalikwa, kapita tu. Akasikiliza, akasema anaweza kurekodi wimbo wote kwa simu yake kwa dakika nne. Akaitoa mfukoni mbele ya mama yake. Nikamwambia muziki si picha ya kitambulisho. Akacheka. Mama yake naye akacheka. Nimeyaweka moyoni.

Alhamisi, 12 Juni

Mke wangu amegundua siri ya mkasi. Alijaribu kukata hariri, mkasi ukaitafuna. Hakugomba. Ameuweka juu ya mto wangu, akaenda zake jikoni. Ningependa sana angegomba.

Mpango mpya: ukimya. Fundi Redio ana bamba la shaba lenye mapezi, limetoka kwenye amplifaya ya ukumbi wa mikutano. Zito kama jiwe, linanyonya joto na halisemi neno. Anataka feni zangu, anaunda mashine ya kutotolea vifaranga. Nikampa zote tatu. Kwa ukarimu nikamwongezea na ile ndogo ya asili. Makintoshi haina feni hata moja. Mama Mkwe alishauri niiwekee taulo bichi kwenye paji la uso. Nikamweleza, kwa heshima, kwamba maji na umeme havikai nyumba moja. Akasema wagonjwa wabishi amewazoea.

Nikawasha. Kimya. Nimesikia saa ya ukutani ya jirani. Mashine inavumilia dakika ishirini kabla ya kujizima, na wimbo ni wa dakika nne. Nimemtuma mke wangu amwambie mdogo wake. Hakwenda.

Mabibi hawakufanya mazoezi leo, walikuwa na msiba wa jirani. Haina neno. Kesho tunarekodi.

Ijumaa, 13 Juni

Balaa.

Mabibi wamejipanga vizuri, maikrofoni mahali pake, mashine kimya. Nikanyoosha kidole. Wakaanza. Bibi wa sauti nzito alianzia chini ya sakafu. Mama Mkwe alianzia darini. Wale wawili wa katikati walitafutana njia nzima na hawakuonana. Tulirudia mara nane. Mwishowe Mama Mkwe akaniomba niiwashe ile sauti. Nikauliza sauti gani. Akasema ile ya juzi, ya feni.

Kumbe wanachukulia noti pale! Kumbe hata wodini, miaka yote, walikuwa wakiimba kando ya mashine ya kuchemshia vyombo, na ile mashine ilikuwa ikivuma. Maisha yao yote hawajawahi kuimba kwenye ukimya. Wiki nzima nimepigana na kitu pekee kilichokuwa kinawaongoza.

Nikakimbia kwa Fundi Redio. Feni ziko kazini, mayai sitini yamelala mbele yake. Akasema nirudi baada ya siku ishirini na moja. Nikamsihi. Akaniuliza kama ningekubali kuwaeleza vifaranga mimi mwenyewe.

Nikajaribu feni ya mezani. Ina tabia ya kugeuza kichwa, sauti nayo inageuka, Mabibi wakaimba kama watu walio kwenye bembea. Nikajaribu kuvuma mwenyewe kwa mdomo. Dakika moja na nusu. Mama Mkwe akanishika mkono akapima mapigo ya moyo, akanikalisha kwenye kiti, akaongeza jina langu kwenye chati.

Walipoondoka nimekaa chumbani nimezitazama kuta. Naogopa, naandika wazi. Kazini nabisha hodi mageti ya watu, mbwa wananibwekea, hakuna anayefurahi kuniona. Hapa ndipo mahali pekee ninapofunga mlango na kuwa mtu wa maana. Kesho saa kumi patakuwa na pini na vitambaa.

Jumamosi, 14 Juni

Saa nane. Mabibi wamejipanga. Shemeji amekuja na simu yake na pakiti ya karanga, akakaa mlangoni kama mtu aliyekata tiketi. Wakaanza, wakapotea. Wakaanza tena, wakapotea mapema zaidi. Mara ya tano Mama Mkwe akavua miwani akaikunja. Mimi najua maana yake, niliiona siku ya kutoa posa.

Ndipo mke wangu, kule jikoni, akawasha cherehani yake kubwa ya umeme. Ile inavuma hata kabla hujaikanyaga. Alisema ana gauni la kumaliza. Ndivyo alivyosema. Mabibi wote wanne wakageuza shingo kwa pamoja, wakavuta pumzi, wakaimba. Safi, sauti zimeshikana, mpaka nikasahau kubonyeza kitufe.

Lakini bibi wa sauti nzito sikio lake la kushoto limezeeka, na jikoni ni mbali. Mama Mkwe akaagiza cherehani iletwe chumbani. Mimi na shemeji tukaibeba, naye akinielekeza wakati mimi ndiye niliyeshika upande mzito. Haikuingia mpaka meza yangu itoke. Ikatoka. Kisha kiti cha mke wangu kikahitaji nafasi, spika zangu zikatoka. Kisha gauni nalo likahitaji pa kuning'inia. Hatimaye Makintoshi ikatua sakafuni kwenye korido, mimi nimepiga magoti mbele yake, waya wa maikrofoni umepita chini ya mlango.

Na tazama. Kwenye korido kuna upepo, unaingilia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Bila feni, bila kelele, saa nzima, mashine haikujizima. Mama Mkwe alitoka na kipimajoto chake, akakitazama mara mbili, akaandika: joto la kawaida, aruhusiwe.

Saa tisa na nusu wimbo ulikamilika. Ndani yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, cherehani inavuma. Nimetoa mvumo mmoja nikaingiza mwingine, na hakuna aliyelalamika. Shemeji aliomba nimtumie nakala. Nimesema nitafikiria.

Mama Mkwe alisoma mapatano kwa sauti, pamoja na kiuno na nyonga. Wimbo umekamilika kabla ya saa kumi. Chumba ni changu. Nimeshinda mbele ya mashahidi. Mke wangu alinipa mkono akanipongeza kwa muda mrefu, akitabasamu. Sikutegemea angekubali kushindwa kistaarabu hivi.

Jumapili, 15 Juni

Metroni alilia kwenye sherehe yake ya kuagwa, akataka kujua ile ala inayovuma inaitwaje. Nikasema ni siri ya studio.

Mabibi Sindano wamenogewa. Wanataka kurekodi nyimbo zao zote, na wanazo themanini na moja. Mama Mkwe ameelekeza cherehani isisogezwe hata inchi moja mpaka ya mwisho iishe. Kwa hiyo mke wangu anashonea humo kwa sasa. Mteja mmoja amekwisha kupimwa humo, dirishani kuna pazia jipya, na kwenye ile chati ya homa wameandika oda za wiki ijayo. Sina wasiwasi. Karatasi ninayo, imetiwa saini, chumba ni changu. Leo asubuhi nilibisha hodi, nikaruhusiwa kuingia kuchukua kalamu.

Upande wa ufundi mambo ni mazuri kupita kiasi. Korido ina baridi ya bure. Mashine inayopoa namna hii inaweza kubeba prosesa yenye kasi mara nne, na Fundi Redio anayo. Anataka kabati letu la koridoni. Limejaa vitambaa vya mke wangu, lakini hilo nimeshalitatua: nitavihamishia vyote chumbani kwangu. Nafasi ipo ya kutosha, kwa kuwa mimi simo.