Ufunguo wa Maabara

Jumatatu, 4 Machi
Habari nzito! Mhadhiri wa Misingi ya Mitandao ametangaza kuwa atakayeongoza kwa alama katika mtihani wa vitendo Ijumaa atakuwa msaidizi wa maabara. Atakabidhiwa ufunguo. Mimi, na ufunguo mfukoni! Lakini darasa zima likamgeukia binti wa shangazi. Tulilelewa nyumba moja, tukala sahani moja, na bado watu wanamwona yeye tu. Wivu? Sina. Nimeshindwa tu kumaliza chakula cha mchana.

Jumanne, 5 Machi
Leo tumefunga vichwa vya kebo. Ndani kuna nyaya ndogo za rangi rangi, kila moja na nafasi yake. Mpangilio wa kitabuni haukunivutia. Nikaweka kijani kando ya buluu, ikapendeza. Kifaa cha kupimia hakikuwaka hata taa moja. Mhadhiri akaniambia niache kukitikisa, kifaa ni kizima. Kebo ya binti wa shangazi ikawasha taa zote, ikatundikwa ukutani iwe mfano. Imetundikwa! Kama picha ya harusi! Jioni mama akapiga simu. Kabla hata ya kuuliza kama nimekula, akauliza dada yangu hajambo, yaani huyo huyo binti wa shangazi. Roho iliniuma, nikasingizia chaji imeisha.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata dawa yake. Mhadhiri amefundisha kuwa kila kompyuta ina anwani yake ya namba, na mbili zikitumia anwani moja zinagombana, mawasiliano yanakatika. Mungu ambariki mhadhiri! Nikamsogelea binti wa shangazi, nikamsifia viatu. Akashangaa, maana sijawahi. Alipoinama kuvitazama, nikachungulia mipangilio ya kompyuta yake. Palikuwa na anwani mbili. Nikachukua ya pili, ndiyo fupi, rahisi kukaa kichwani. Ijumaa naipa kompyuta yangu. Yake itakatika mtandaoni, na ufunguo ni wangu.

Ijumaa, 8 Machi
Sijui nianzie wapi. Mtihani ukaanza, nikaingiza ile namba, nikakunja mikono. Punde jirani akalalamika mtandao umekata. Kisha wa mbele. Kisha wote! Hadi mkuu wa idara akateremka kutoka juu kuuliza kulikoni. Kumbe namba ile haikuwa ya kompyuta yake. Ilikuwa ya ruta, mlango wa sisi sote wa kutokea nje. Kompyuta yangu ikajifanya mlango, na haimpeleki mtu popote.

Binti wa shangazi wala hakubabaika. Akagundua kuna mashine mbili zinazodai kuwa ruta. Akaifuata kebo kwa mkono, meza hadi meza, akatokea miguuni pangu. Akanitazama. Nikasubiri anichongee. Yeye akamwambia mhadhiri ni kosa la kawaida kwa anayeanza. Anayeanza! Afadhali angenishtaki. Akapewa ufunguo papo hapo. Mimi narudia mtihani Jumatatu, na nikifeli tena narudia somo zima, mwaka mzima, pamoja na wanafunzi wa mwaka wa chini. Nje akaniambia taratibu, kaka, ungesema tu nikufundishe. Nikaenda chooni, nikalia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekubali kufundishwa. Kebo yangu imewaka! Taa zote! Dada akapiga makofi, akasema nina mkono mzuri. Nikaapa moyoni kwamba wivu basi, kuanzia leo mimi ni mtu mpya.

Ndipo akaingia yule mrefu anayekaa nyuma. Kumbe naye anarudia mtihani, kumbe naye anafundishwa! Na yake ikawaka. Akapigiwa makofi marefu kuliko yangu, nilisikiliza vizuri. Dada akamwambia ana kipaji. Mimi mkono, yeye kipaji. Damu moja kabisa, halafu ananitupa kwa ajili ya mtu wa nyuma!

Mrefu alipoondoka, nikamwomba dada nibaki peke yangu nifanye mazoezi zaidi. Machozi yakamlengalenga. Akasema alijua nitabadilika, atampigia mama simu leo leo. Akaniachia ufunguo, akaenda zake.

Naandika haya nimekaa mbele ya kompyuta ya maabara anayotumia yule mrefu. Nimeshafungua mipangilio.