Waraka wa Kuongeza Kasi ya Kompyuta Kuu

Kwa furaha isiyo na kifani, Kamati ya Kasi inautangazia umma kwamba kompyuta kuu ya ofisi yetu imefanikiwa kwenda kasi kuliko ilivyoundwa. Mwenyekiti wa kamati ni Mkurugenzi, katibu ni mimi, na mjumbe wa tatu ni feni ya mezani. Tafadhali msicheke. Feni iliteuliwa kwa barua.

Mkurugenzi alisikia kwa shemeji yake kwamba prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inaweza kulazimishwa kukimbia kupita kiwango cha kiwandani. Akamwita fundi wetu wa kompyuta, dada mpole ila mdomo wake hauna breki.

"Pandisha asilimia arobaini."

"Bosi, tano itavumilika. Arobaini itachemka. Na kumbukumbu yake tuipe nafasi ya kupumua, tuijaribu siku mbili tuone kama inatulia."

"Utulivu nitautia saini mimi."

"Basi nichukue kwanza nakala ya mafaili. Ya mwisho ina miaka mitatu."

"Kunakili kunapunguza kasi!"

"Haya. Lakini haraka haraka haina baraka, bosi."

Kauli hiyo tuliisajili kama utovu wa nidhamu. Nikaagizwa kuandaa barua ya kumfukuza kazi, tarehe niiache wazi. Dada wa watu anasomesha wadogo zake watatu. Roho iliniuma, lakini mwandiko ulitoka vizuri.

Kasi ikapandishwa. Lo! Mafaili yakawa yanafunguka kabla hujakaa. Siku ya pili kompyuta ikaanza kuganda. Kamati ikaazimia kuganda huko kuitwe tafakari. Siku ya tatu ikamwandika mlinzi wetu mzee kuwa mjamzito. Kwa kuwa Waraka Namba Moja wa Mkurugenzi unasema kilichomo kwenye kompyuta ni kweli na kisichomo hakipo, tukampa likizo. Siku ya nne ikatoa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati, ikazima.

Mkurugenzi akaja juu. "Fundi! Nakupa saa moja. Ukishindwa, barua yako iko tayari."

Fundi akarudisha prosesa kwenye mwendo wake wa zamani, akailegezea kumbukumbu mipangilio. Mashine ikawaka, ikatulia tuli. Ila mafaili yalikuwa yamevurugika, ikabidi arejeshe ile nakala ya miaka mitatu iliyopita. Alimaliza kwa saa moja na dakika saba.

"Umechelewa," Mkurugenzi akasema. "Katibu, barua!"

Kwetu barua haitoki mpaka kompyuta imthibitishe mtia saini. Nikaingiza jina lake. Jibu likaja taratibu, la miaka mitatu iliyopita: karani wa muda, hana mamlaka.

"Rekebisha!" akafoka.

"Nani anaidhinisha?" fundi akauliza.

"Mimi!"

"Wewe nani?"

Nikatafuta makaratasi ya kumtetea. Tulikuwa tumeyachoma sisi wenyewe, kwa ajili ya kasi. Mkurugenzi aliyemo kwenye kompyuta ni mama aliyemtangulia, yule aliyestaafishwa kwa fitina zetu. Amepigiwa simu, kasema anakuja, hana haraka. Karani wa muda anamsubiri kwenye benchi la wageni, feni inampepea.

Mimi niliajiriwa mwaka juzi. Nimejitafuta mara tatu, simo. Taarifa hii naiandikia nje ya geti, maana mlinzi amerudi kazini na hanitambui.

Sasa hivi dada fundi amepita na kikombe chake cha chai. Nimemsihi aniingize kwenye kompyuta.

"Niandikie barua," kasema. "Tarehe uiache wazi."