Nyanya za Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni
Modesta kaenda Masasi, dada yake kajifungua. Kaniachia miche sita ya nyanya uani. Mbegu zake ni za marehemu mama yake, na ndizo zilizokuwa za mwisho. Kasema nimwagilie tu, nisibuni kitu. Miaka kumi na minne ya ndoa, bado hanijui!

Jioni nimegeuza jani. Vidukari tele, wanafyonza utomvu!

Jumanne, 3 Juni
Jirani yangu Bi Husna kachungulia juu ya ua. Kasema nitwange majani ya mwarobaini, niloweke hadi asubuhi, nichuje, nitie sabuni kidogo. Rahisi mno. Dawa inayojulikana Magomeni nzima itaniletea heshima gani? Bamia zake zimenawiri, sawa, lakini bamia huota popote. Nimemshukuru kwa adabu.

Jumatano, 4 Juni
Nimepata! Nikitoka kazini bandarini, nimepita kwa akina mama wanaobangua korosho. Maganda yanatoa mafuta meusi, na hakuna mdudu aliyeyasogelea. Wenyeji wote hawakuliona hilo, nimeliona mimi, mtu wa Njombe. Mikononi wamejipaka majivu. Nadhani ni urembo wa huku pwani ya kusini. Sikuuliza, maana ukiuliza wazo si lako tena. Nimebeba ndoo ya maganda, nimeyaponda kwa mikono yangu na kuyaloweka.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepulizia alfajiri. Dawa imeniishia kabla ya mche wa sita, ule wa karibu na ua wa Bi Husna.

Mchana vidole vimevimba na kuchubuka. Bi Husna kaniletea mafuta ya nazi. Kasema kwao Madimba hata mtoto anajua maganda yale yanaunguza. Nimemwambia ni mzio tu.

Jumamosi, 7 Juni
Miche mitano imekauka kabisa. Vidukari nao wamekufa, lazima niseme.

Nimekaa juu ya ndoo muda mrefu. Siku ya posa mama mkwe alinipa nyanya ya shambani kwake, akasema anaona nitamtunzia mwanawe. Nimeona aibu. Nimelia. Nikafuta machozi kwa vidole hivihivi! Jicho la kushoto halifunguki.

Mche wa sita mzima. Shinani pake kuna makapi ya mwarobaini. Upepo huu unaleta kila kitu.

Jumapili, 8 Juni
Modesta karudi. Kaingia uani, kapiga magoti kwenye mche wa sita. Una maua matatu.

"Baba Tumaini," kasema taratibu, "huu mmoja unatosha kwa mbegu. Usiuguse."

Nimeapa. Nikamweleza kwamba umepona kwa kunusa tu dawa yangu, kwa hiyo siri ni kupunguza kipimo. Kaenda kwa Bi Husna, kamshika mikono yote miwili, wameongea hadi chai ikapoa.

Kiapo ni kiapo, mche ule siugusi. Lakini bamia za Bi Husna hakuna aliyezitaja. Kesho alfajiri nitazipulizia kidogo, iwe shukrani yangu kwa mafuta ya nazi.