Saa Saba za Shemeji Angani

Leo nimeumbuka. Ndugu zangu wa Waa, barua hii isomeni wenyewe, msimpe mtu.

Mnamjua shemeji yangu Bakari, aliyekwenda kuwapikia wazungu Johannesburg. Aliandika kwamba bwana wake anahamia Salisbury, na leo Jumatano, saa mbili asubuhi kwa saa zetu, wangepanda ndege. Ndege! Mama mkwe aliposomewa alishika kifua. Kisha akaniuliza mimi, karani wa ghala la mbata, msomi wa nyumba (jina hilo nilijipa mwenyewe):

"Baba, mwanangu atakaa huko juu muda gani?"

Ningesema sijui, yangeisha. Badala yake nikaazima ramani shuleni, nikachukua uzi wa kushonea wa mke wangu, nikaulaza kutoka Johannesburg mpaka Salisbury. Nikaupima. Maili elfu moja na mia nne! Na ndege, nilisoma gazetini, huenda maili mia mbili kwa saa.

"Saa saba, mama. Kuanzia saa mbili mpaka saa tisa." (Hata saa za huko nilizigeuza kuwa za kwetu. Hapo sikukosea.)

Mama mkwe akaweka nadhiri: hatakula, hatakunywa, wala hatatoka mswalani mpaka mwanawe akanyage ardhi. Nami nikaitikia inshallah, kwa sauti kubwa.

Basi leo saa mbili akaketi. Saa nne alikuwa anasoma Yasini. Saa sita sauti imekauka. Joto lenyewe mnalijua, na yeye si kijana. Saa nane akaegemea ukuta, midomo imempauka. Mke wangu akamletea dafu.

"Liondoe. Mwanangu yuko juu."

Mke wangu akaangua kilio. Mimi niliogopa kweli kweli. Nikatoka mbio, bila kofia, kumwita jirani yetu Rashidi, ambaye ni dresa, mfunga vidonda wa hospitali. Alikuja, akamshika mama mkono, akauliza imekuwaje. Nikamweleza, nikamwonyesha na ramani, uzi bado umebanwa kwa pini. (Nilikuwa bado najivunia!)

"Mbona uzi umepindapinda hivi?"

"Umefuata reli."

Akanitazama.

"Kwani ndege imepita relini?"

Mke wangu, shangazi zake wawili na majirani waliokuja kusoma dua, wote wakanigeukia. Rashidi akachomoa pini, akaunyoosha uzi. Maili mia sita. Saa tatu!

Mama mkwe akafumbua jicho. "Basi Bakari ameshuka tangu saa tano?"

"Naam, mama," nikasema, natamani ardhi inimeze.

Akanywa dafu lote, akaomba la pili. Alhamdulillahi, uso ulimrudia. Lakini saa tatu nzima nimemtesa mzazi wa watu bure, kwa sababu ya kutaka kuonekana najua. Nikapiga magoti kumwomba radhi.

"Haidhuru, baba. Umejitahidi," akasema kwa upole. Heri angenitukana.

Kisha akamgeukia Rashidi.

"Na siku Bakari akija likizo kwa ndege, kutoka huko Salisbury mpaka Nairobi, ni saa ngapi?"

Msicheke, tafadhali. Mimi ndiye niliyekuwa nimeketi karibu naye zaidi, na ramani nimeipakata.