Nilikwenda Kuchuliwa Bega, Nikaanzisha Msiba

Leo nimeaibika, tena nikiwa nimevaa kaptula na soksi tu.

Ngoja nianze mwanzo. Bega langu la kulia linauma tangu mwezi wa pili, tulipomzika mama kule Kitanga. Siku ile mvua ilinyesha, gari likakwama kwenye tope, jeneza tukalibeba mabegani kutoka barabarani hadi nyumbani. Mimi nilikuwa mbele, upande wa kulia. Tangu hapo bega limepinda na halinyooki. Wanafunzi wangu hapa Kibondo wananiita Mwalimu Mzani (nawajua wote kwa majina, wasubiri mtihani).

Vidonge nimekunywa vya kila rangi. Juzi nesi mmoja akaniambia, "Mwalimu, hapa hakuna kilichovunjika. Misuli imekaza. Nenda ukachuliwe, damu itembee, hata usingizi utarudi."

Kwenye usingizi ndipo aliponipata. Sijalala usiku mzima tangu msiba. Nikaingia kwenye simu, nikasoma faida za masaji mpaka bando likaisha. Hupunguza maumivu, hulegeza misuli, hushusha mawazo. (Hakuna aliyeandika kwamba inaweza kukusanya mtaa mzima.)

Kibondo nisingethubutu. Mwalimu wa nidhamu aonekane anachuliwa mgongo, Jumatatu angekuta ametungiwa wimbo. Nikapanda gari la Kasulu, kwa Mama Zuhura, mwanamke wa Ujiji anayechua watu nyumbani kwake jirani na soko.

Shida ni kwamba kwenye soko hilohilo mdogo wangu Editha anauza maharage. Editha haongei na mimi. Msibani sikulia, hata tone. Nilitafuta turubai, nilipanga viti, niligombana na wapishi kuhusu chumvi. Siku ya kuanua matanga akaniambia mbele ya wajomba, "Kaka, umemzika mama kama mtu anayepakia mahindi kwenye lori." Nampigia kila Jumapili. Hapokei. Tumezaliwa wawili tu, na mama ndiye aliyekuwa anatupatanisha.

Basi kutoka stendi nikazunguka nyuma ya msikiti, kofia usoni, kama mtu aliyeiba kuku.

Kwa Mama Zuhura kuna benchi nje, na kati ya benchi na chumba kuna pazia tu. Nikawakuta akina mama watatu na mzee mmoja anayeumwa kiuno. Zamu yangu ikafika. Mama Zuhura ni wa umri wa mama yangu, na hana maneno mengi. "Vua, mwanangu. Lala kifudifudi." Nikavua, nikabaki na kaptula. Soksi nikazibakisha ili nibaki na heshima kidogo. (Nikiwa nimeshalala nikakumbuka kwamba moja imetoboka na kidole gumba kiko nje.)

Akapasha mawese kwenye jiko la mkaa.

Ile harufu, jamani. Tulipokuwa wadogo, tukikohoa, mama alitupaka mawese ya moto kifuani na mgongoni. Editha alikuwa analalamika kwamba mikono ya mama ni mizito. Mimi nilikuwa nalala kabla hajamaliza.

Mama Zuhura akabonyeza bega kwa kidole gumba. "Hapa ulibeba nini?"

"Jeneza."

"La nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Neno halikutoka, kikatoka kilio. Nililia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Mama wee, mama wee, huku nimekumbatia mto wa watu. Mama Zuhura hata hakuacha kuchua. "Lia, baba," akasema, "bega ndiyo linalegea."

Sasa, kwetu ukisikia kilio cha namna ile huulizi. Unaingia kwanza, maswali baadaye. Pazia likafunguka. Akina mama wa benchi wakafunga kanga viunoni, wakaketi sakafuni. Jirani akaja na mkeka. Muuza chipsi wa ng'ambo akazima redio. Mume wa Mama Zuhura akasoma Fatiha, mama mmoja wa kanisani akaanza pambio, wakapokezana vizuri tu. Na mimi katikati, ninang'aa mafuta, nimelala kama marehemu mwenyewe.

Mzee wa kiuno alivua kofia, akauliza kwa upole, "Msiba wa nani?"

"Wa mama yake," akajibu Mama Zuhura.

"Amefariki lini?"

Nikajibu nikiwa ndani ya mto. "Mwezi wa pili."

Pambio likakatika. Huu ni mwezi wa kumi. Nikasema moyoni, sasa wataondoka, na baadhi yao watanipiga. Lakini mama wa pambio akasema, "Kwani kilio kina tarehe?" Akaendelea kuimba. Hakuondoka mtu. (Mzee wa kiuno alinong'ona kwamba yeye kiuno chake kimepoa, atarudi siku nyingine.)

Halafu mama mmoja akainama kunitazama. "Huyu si kaka yake Editha wa maharage? Uso ni uleule."

Nikasema hapana. Nilisema kwa uso uleule. Yule mama alikuwa ameshatoka kumwita.

Editha alifika na vumbi la maharage mikononi. Watu wakampisha. Nikakaa, nikavuta kanga niliyofunikwa, nikajifuta machozi kwa viganja vilivyojaa mawese.

"Unalilia nini?"

"Mama."

"Leo?"

"Leo."

"Miezi minane, kaka."

"Nilikuwa bado nimembeba," nikamwambia. "Nilikuwa sijui namna ya kumtua."

Nilitamani aniseme, anitukane, chochote kuliko ule ukimya wa kila Jumapili. Akaketi kwenye mkeka, akaniegemea kwenye lile bega bovu, naye akaanza kulia upya. Bega liliuma sana, na sikumwambia. Tukalia wote wawili, na watu wa Kasulu ambao sijui hata majina yao wakalia nasi.

Baadaye akajifuta pua kwa kanga, akatazama chini. Akaona kidole gumba. Akapandisha macho, akaona uso wangu ulivyokuwa mwekundu kwa mawese hadi masikioni.

"Mama alikwambia soksi hizo uzitupe," akasema.

Kisha akacheka mpaka akalala kwenye mkeka.

Kwa hiyo naomba nyinyi msicheke. Editha ameshacheka kwa niaba yenu wote, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mwezi wa pili.