Nadra Atacheza, Nimesema Mimi

Jumamosi, 5 Oktoba 1996

Nadra kachaguliwa timu ya softiboli ya skuli! Mjukuu wangu! Mechi Alkhamisi, wasichana watupu. Baba yake, mwanangu Aflah, kakataa. Kasema binti yake hatozunguka na gongo la kupigia mpira mbele za watu. Mtoto kalia mpaka macho yamevimba. Mimi skuli sikwenda. Chuo cha Kurani kilinipa alifu na bee, zinanitosha kuandika hili: Nadra atacheza.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimemuuliza Nadra mchezo umetoka wapi. Marekani, kasema, zaidi ya miaka mia. Wanaume wamejikalia ukumbini, mmoja kamrushia mwenzake glovu ya ndondi, mwenzake kaipiga kwa mpini wa ufagio. Wakaikaza kwa kamba, ikawa mpira. Baadaye mchezo ukatoka nje, ukaenea, na mwaka huu wanawake wameucheza Olimpiki.

Ndani ya nyumba! Kwa ufagio! Sasa aibu iko wapi? Aflah ataonyeshwa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeijaza matambara glovu ya jikoni, nimeishona. Wa kurusha hakuna ila Mahbuba, bibi yake Nadra kwa mama. Anajisifu kuwa utotoni Unguja hakuna aliyemshinda kurusha mpira kwenye rede. Mwongo! Bingwa nilikuwa mimi.

Karusha mara tisa, mimi na ufagio wangu nimekosa tisa. Kaniuliza kama nafukuza nzi. Nikamwambia anarusha kama anamwaga maji ya samaki. Kanuna. Lakini kesho atakuja, kwa ajili ya mtoto.

Jumanne, 8 Oktoba

Alasiri nimemkalisha Aflah kwenye kochi. Nikamwambia atazame mchezo wa stara, wa ndani. Mahbuba karusha. Nikapiga! Wallahi, nimepiga! Mpira moja kwa moja kwenye chetezo cha udi. Makaa yote juu ya zulia la Ajemi. Mahbuba kamwagia jagi zima la sharubati. Tundu kama sahani.

Aflah kapiga ukelele kuwa mchezo huu si wa ndani ya nyumba ya watu, mahala pake uwanjani, na anayeutaka atoke akauchezee huko! Nadra, mlangoni, kauliza: hata mimi, baba? Aflah kashika kichwa. Kasema hata yeye, na bibi zake wote wawili awachukue.

Alkhamisi, 10 Oktoba

Nadra kakosa mara mbili. Ya tatu, mpira umepita juu ya vichwa vya wapinzani! Kazunguka uwanja mzima, karudi alipoanzia. Nimepiga vigelegele mpaka mwamuzi kaniambia nikae. Nani akae? Mahbuba anasema mkono ule umetoka upande wake. Leo tu nimemwachia. Aflah kasimama nyuma kabisa, anajidai kaja kutuchukua. Nimemwona akipiga makofi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Hasina, mdogo wake Nadra, anataka kujifunza kupanda farasi. Baba yake kakataa. Huyu Aflah bado hajanijua! Nshampigia simu kaka yangu Sleyum, anayeishi Qurayyat, alete punda. Sebuleni patatosha tukisogeza makochi. Mlango nimeupima.