Shahada Mbili kwa Mpigo Mmoja

Ahero,
17 Novemba 1995

Kwa Mwenyekiti,
Idara ya Masomo ya Dini.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: OMBI LA KUTENGANISHA SHAHADA YA KWANZA NA SHAHADA YA UZAMILI

Pokea salamu zangu, na unisamehe kwa kukuandikia bila kutumwa na mtu. Mimi ni Dalmas Amolo, karani mstaafu wa ghala la mpunga hapa Ahero. Nimelitumikia kanisa letu tangu 1964, kwanza kama katibu na sasa kama mzee wa kanisa. Tena ni baba yake Lornah, mwanafunzi wenu wa mwaka wa tano. Sina mazoea ya kulalamika. Hata maji ya mafuriko yalipoingia ghalani mpaka kwenye droo ya meza yangu, niliandika ripoti tu, nikaendelea na kazi.

Barua yenu ya 1990 ilisema kwamba Lornah amechaguliwa kuingia katika mpango mpya. Angesoma dini kwa miaka mitano mfululizo, na mwishoni apewe shahada ya kwanza na ya uzamili kwa pamoja. Niliisoma barua hiyo kanisani, mbele ya watu wote. Mchungaji wetu, Bwana Walubengo, alisema hajawahi kusikia mtu akipewa mbili kwa mpigo mmoja. Tulipiga makofi. Leo ninayajutia makofi yale, kwa sababu zifuatazo.

1. Mmemnyima mtoto nafasi ya kuchoka. Katika nyumba nyingine mtoto humaliza shahada ya kwanza, huvaa joho, fahali huchinjwa, picha hupigwa. Kisha anatafuta kazi, anaolewa, na yale maswali ya chuoni yanamtoka polepole kama homa. Mimi nilikuwa nimeshamwekea Lornah kazi ya kufundisha somo la dini katika shule ya wasichana hapa karibu, na darasa la Jumapili juu yake. Lakini ninyi mlimvusha kutoka shahada hadi shahada bila hata likizo ya kusahau.

2. Katika mwaka wa pili alifundishwa dini za watu wengine. Sikupinga, maana nilidhani anafundishwa makosa yao. Likizo ya Aprili akaja nyumbani na mwanafunzi mwenzake, Zeituni, Mwislamu wa Kisumu mjini. Binti yule alikaa kwetu wiki nzima. Aliosha vyombo, alimwita mke wangu Mama, na aliswali mara tano kila siku bila kukumbushwa na mtu. Mimi, mzee wa kanisa, nilikuwa nikiomba wakati wa chakula, na kama chakula ni moto sana naomba kwa ufupi. Siku ya nne niliona aibu nikaanza kuamka alfajiri nikaombe. Mpaka leo ninaamka. Usingizi huo, Mheshimiwa, idara yako haitaweza kunirudishia.

3. Mwaka wa tatu aliniuliza kwa nini wanawake wanaofagia kanisa, wanaopika na wanaojaza viti hawakai katika baraza la kanisa. Nilimjibu kwamba hiyo ni desturi. Hakubisha. Alitoa kalamu akauliza, "Desturi hiyo ilianza mwaka gani, Baba?" Nikafungua kabati la kumbukumbu ili nimwonyeshe ilivyo ya kale. Niliipata. Ilipitishwa Machi 1974, na mwandiko ni wangu.

Hapo, Mheshimiwa, ndipo mlipotakiwa kumpa karatasi yake ya kwanza na kumwambia aende nyumbani.

4. Samaki wanaungua. Kwa ajili ya shahada ya uzamili mlimruhusu aandike tasnifu kuhusu watoto wachanga waliokufa kabla ya kubatizwa, jinsi walivyozikwa hapa tambarare ya Kano na jinsi mama zao wanavyowakumbuka. Kwa sababu hiyo Lornah haketi maktabani. Anakaa jikoni mwa watu, kwenye kigoda, kutoka hapa mpaka Awasi. Wanawake ambao mchungaji akiwatembelea humwambia "tunamshukuru Mungu" na kumfungulia mlango, kwake wanazungumza mpaka chungu kinakauka na samaki wanaungua. Waume wanne wamenilalamikia. Mimi ni wa tano, na sasa nieleze kwa nini.

5. Agosti mwaka huu nilikuwa nyuma ya jiko letu nikitia mpini kwenye jembe. Lornah alikuwa ndani na mama yake, Benta. Nikasikia akimwuliza, "Mama, na wewe umewahi kuzika mtoto kabla ya ubatizo?"

Benta hakujibu. Sasa mtu aliyelelewa vizuri, akiona mzazi wake amenyamaza, husema neno lolote ili kumwondolea uzito. Husema mvua inakuja, au huomba chumvi. Lornah hakusema kitu. Shahada yenu ya kwanza ilimfundisha kuuliza, na ya pili imemfundisha kungoja jibu. Kila moja peke yake tungeivumilia. Alingoja mpaka mimi mwenyewe, huko nje, nikaacha kupumua.

Benta akasema, "Ulikuwa na kaka."

Akamweleza yote. Mtoto alizaliwa Aprili 1968, wakati barabara ya kwenda kanisani ilipokuwa maji matupu. Tukangoja maji yapungue tumpeleke kubatizwa. Siku ya tisa akafa. Kanuni ilisema mtoto asiyebatizwa hazikwi kwa ibada, na mimi nilikuwa katibu, kanuni nilikuwa nayo kabatini. Sikumwita mchungaji. Nilimbeba alfajiri nikamzika kwenye shamba la marehemu kaka yangu karibu na mto, bila wimbo, bila maombi, nikarudi nikamwambia Benta tusilitaje jambo hilo tena. Hakulitaja. Nilimsifu moyoni kwamba ni mwanamke mwenye imani.

Kisha nikamsikia akisema hivi: "Kila Jumapili wakibatiza mtoto, mimi hujifanya nakohoa, natoka nje. Nasimama kule kwenye tangi la maji mpaka wamalize."

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa miaka ishirini na saba nimemnunulia mke wangu dawa ya kikohozi. Nimempeleka zahanati. Nimempeleka Kisumu akapigwa picha ya kifua, na daktari akasema kifua ni kizuri, nami nikamwona daktari yule hajui kazi. Dawa za chupa zote alizinywa. Hakukataa hata moja. Ikiwa mtoto wa mwaka wa tano anaweza kuupata katika mchana mmoja ugonjwa ambao mume hakuuona miaka yote hiyo, basi elimu hiyo imezidi kipimo, na naomba ipunguzwe.

6. Yote hayo sasa yamo katika sura ya nne ya tasnifu. Lornah aliniletea kurasa hizo mwenyewe ili nizisome kabla hazijachapwa. Jina langu halimo. Ameandika tu "karani mmoja." Lakini hapa Ahero makarani hatukuwa wengi.

Nilimwuliza, nikisema sitaki, ataiondoa sura hiyo? Akasema, "Nitaiondoa, Baba. Lakini wewe ndiye utakayemwambia Mama kwamba imeondolewa."

Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza Benta alikuwa anachambua mchele. Mara ya pili alikuwa anacheka na jirani. Mara ya tatu alikuwa hafanyi lolote, ameketi tu, nikashindwa zaidi.

Kwa hiyo ninaomba ofisi yako inisaidie kama ifuatavyo. Kwanza, shahada hizi mbili zitenganishwe kwa muda usiopungua miaka ishirini, ili wazazi wawe wamekufa. Pili, mwanafunzi wa dini asiruhusiwe kufanya utafiti katika nyumba ambamo amewahi kula. Tatu, kuwe na mtihani wa kukatiza ukimya, na anayeshindwa arudie mwaka. Nne, Lornah apewe ile shahada ya kwanza pekee, kwa heshima zote, na ya pili ibaki kwenu mpaka atakapochagua mada isiyo na mama, kwa mfano historia ya kengele za kanisa. Hapo sura ya nne itakuwa imeondolewa na chuo, siyo na mimi, na hakuna mtu hapa nyumbani atakayelazimika kumwambia mwingine neno.

Sidhani kama naomba makubwa. Mimi nimetunza kanuni maisha yangu yote. Naomba tu nitungiwe moja ya kunitunza mimi.

Nifikishie salamu kwa walimu wote wa idara, kwa mpiga chapa atakayeshughulikia kazi ya Lornah, kwa mlinzi wa langoni aliyenielekeza vizuri nilipomleta mwaka ule wa kwanza, na kwa Zeituni ukimwona. Mwambie mzee wa Ahero bado anaamka.

Ni mimi mwenye kukuheshimu, nikingoja uamuzi wako,

Dalmas Amolo.

Baadaye, 26 Novemba. Barua hii haikutumwa siku niliyoiandika. Kwa kuwa mdomo umenishinda mara tatu, nilimpa Benta aisome. Aliisoma karibu na dirisha, yote, kisha akaomba kalamu. Sikujua anataka kufuta nini. Hakufuta kitu, alitia alama tu penye siku ya tisa. Alisema, "Si siku ya tisa. Aliishi siku kumi na moja. Wewe siku mbili za mwisho ulikuwa ghalani." Halafu akaniuliza ni wapi hasa nilipomweka, kwa maana sikuwahi kumwonyesha. Tukaenda kwa miguu, sisi wawili. Siku hizi shamba lile linalimwa na watu wengine, na tulisimama katikati ya mahindi yao nikikadiria kwa hatua kutoka mtoni. Nilikosea mara mbili. Hakuniharakisha. Jana Jumamosi Bwana Walubengo alikuja na kitabu cha ibada, na Lornah, na wanawake kumi na wanne ambao sikuwaalika, kila mmoja na mtoto wake wa kukumbuka. Tuliimba mpaka wenye mahindi wakaja kutazama, nao wakavua kofia.

Kwa sababu hiyo naomba usitenganishe chochote. Sura ya nne ibaki. Mpiga chapa aandike siku kumi na moja, na pale Lornah alipoandika "mtoto wa kiume" kwa kunistahi mimi, aandike Joram. Karani mmoja naye aitwe kwa jina lake.